Tusiokoe Embe Tukaua Kijito



Msimu mkuu wa maembe nchini Tanzania huanza takriban mwezi Novemba na kuendelea hadi Februari. Katika vijiji vingi jambo lile lile hujirudia kila mwaka: matunda huiva kwa pamoja, bei huanguka, barabara huharibika kwa mvua, na maembe mengi huozea chini ya miti. Ndiyo maana tumevipokea kwa furaha vikundi vya kina mama na vijana vinavyokausha maembe, kukamua juisi na kupika jamu. Kazi hiyo ni njema, nami naiunga mkono. Hata hivyo, juma hili napenda tutafakari swali ambalo semina za ujasiriamali huligusa kwa nadra: embe likishaokolewa, ni nani anayebeba gharama ya kuliokoa?

Tuanze na taka. Maganda na kokwa huweza kufikia theluthi ya uzito wa embe, au zaidi. Kikundi kinachomenya kilo 300 kwa siku hubakiwa na kilo 100 hivi za mabaki, bila kuhesabu maembe mabovu yaliyokataliwa. Hayo mabovu ndiyo yenye hatari. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya tunda. Tunda likitupwa nyuma ya jengo, funza hutoka, hukamilisha ukuaji wao udongoni, kisha nzi wapya huruka hadi mashamba ya majirani. Hivyo kikundi kilichoundwa ili kupunguza upotevu kinaweza kuuzalisha upya mwakani.

Maji ya kuoshea nayo yana sukari nyingi. Yakielekezwa kijitoni, vijidudu vinavyoila sukari hiyo humaliza hewa ya oksijeni majini. Samaki hufa, na wanaochota maji bondeni hupokea uvundo ambao hawakuuomba.

Kisha kuna kuni. Jamu na juisi huhitaji moto wa muda mrefu. Ukaushaji wa jua ungetupunguzia mzigo huo, lakini zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji, na msimu wake huangukia siku za mvua. Mawingu yakitanda, vipande huota ukungu, na kikundi hurudi kwenye kuni.

Msimu huo huo ndio wa kulima na kupanda. Mama aliyeshinda shambani hukaa kumenya hadi usiku, pengine pamoja na watoto wake, akingoja faida itakayogawanywa mwisho wa msimu, kama itakuwapo. Mashine huzinduliwa kwa hotuba na vigelegele; mikono inayomenya haiingizwi katika hesabu. Bidhaa ambayo bei yake haina ndani yake ujira wa aliyeitengeneza haijapata faida, imekopa kwake bila kumwomba.

Wapo wanaosema: vikundi hivi ni vichanga, viacheni vikue kwanza, mazingira yatafuata. Naielewa huruma iliyomo katika hoja hiyo, ila siikubali. Shimo la taka huchimbwa kwa jembe na nguvu za wanakikundi, tena ni rahisi kulichimba kabla ya jengo kusimama kuliko baada ya ugomvi na jirani. Wala tusidhani kwamba alama ya ubora inatosha. TBS, iliyokabidhiwa majukumu ya usalama wa chakula mwaka 2019, humlinda anayekula. Alama yake kwenye chupa haituambii lolote juu ya ujira wa aliyemenya, wala juu ya yule anayeishi chini ya mfereji.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Maembe mabovu yafukiwe kwa kina cha nusu mita au zaidi siku ile ile. Maganda safi yapewe mifugo kwa kiasi, na yanayobaki yafanywe mboji. Maji machafu yaelekezwe kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na kijito. Na kila anayemenya alipwe kwa kilo, jina lake na kiasi chake vikiandikwa daftarini kabla hajaondoka. Nanyi wafadhili mnaotupenda, kabla ya kuuliza mashine ya aina gani, ulizeni maji yake yatakwenda wapi.

Injili ya Yohane inatukumbusha kwamba umati uliposhiba, kazi haikuwa imekwisha: mabaki yalikusanywa vikapuni. Nasi tuihesabu kazi yetu kuwa imekamilika pale tu maganda yanapokuwa mahali pake, na ujira ukiwa mkononi mwa mwenyewe.

Nawatakia juma jema.