Msongamano vizimbani ndio adui wa ufugaji wa kaa Pwani

KWA miaka mingi sasa, ufugaji wa kaa umesifiwa kuwa mojawapo ya njia za kuziinua jamii za Pwani bila ya kuifyeka mikoko. Kuanzia Gazi katika Kaunti ya Kwale hadi Dabaso, kando ya hori ya Mida katika Kaunti ya Kilifi, vikundi vya wenyeji vimejitosa katika kazi hii. Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu hupuuzwa: ni kaa wangapi wanaofaa kuwekwa pamoja?

Swali hilo ndilo linaloamua faida au hasara. Kaa wa mikoko si kuku. Hukua kwa kujivua gamba, na punde baada ya kulivua mwili wake huwa laini, asiweze kujitetea. Wenzake wakiwa karibu, humla. Kadiri wanavyosongamana ndivyo wanavyopigana na kukatana magando. Aliyepoteza gando hutumia nguvu zake kuliotesha jingine badala ya kunenepa, na bei yake hushuka.

Katika vidimbwi vya Asia, ambako ufugaji huu umekomaa, kiwango cha kawaida ni takriban kaa 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Kwa anayeanza, idadi hiyo huonekana ndogo mno. Lakini chukulia mfugaji aliyeweka kaa 100 akavuna 60, na mwenzake aliyeweka 300 katika kidimbwi kama hicho akavuna 75. Wa pili amepata kaa 15 zaidi, ilhali amegharamia vifaranga 200 zaidi pamoja na chakula chao.

Isitoshe, hasara hiyo haiishii mfukoni. Vifaranga wengi hutegwa mikokoni. Kila anayeliwa kizimbani ni kaa ambaye angekomaa akaenda kutaga baharini, au akanaswa na mvuvi akiwa na uzito wa kuuzika.

Wapo wanaotumia vizimba vyenye vyumba, kila kaa na chake. Njia hii huzuia kaa kulana, lakini huhitaji mbao na kazi nyingi ya kulisha, na chumba kikiwa finyu ukuaji hudumaa. Wenye vidimbwi nao hawana budi kuwatenganisha kaa kwa ukubwa, kuwalisha vya kutosha na kuwawekea maficho.

Hata chaza, ambao hawalani, hawasalimiki. Wakirundikwa pamoja hugombania chakula kilichomo majini, wakadumaa na magamba yao kupindapinda.

Ni muhali basi kuupima ufanisi wa miradi hii kwa idadi ya vifaranga wanaotiwa majini siku ya uzinduzi. Wafadhili na maafisa wa uvuvi wanapaswa kuuliza ni wangapi waliovunwa wakiwa hai, na kwa uzito gani. Mtaka yote hukosa yote.