Kangomba ni mkopo wa kausha damu, tuache kudanganyana

Leo sizungumzii ubwiriunga wala mbu wa mikorosho. Leo nazungumzia mdudu anayekula korosho zikiwa bado ua, na hakuna bomba linalomuua. Mdudu huyo ni deni.

Msimu uliopita, mwezi wa saba, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji kimoja ninachokihudumia hapa kusini, nikasema maneno tunayoyasema sisi watumishi kila mwaka: msiuze korosho kwa kangomba, ni kosa kisheria, pelekeni korosho ghalani, subirini mnada. Nilipomaliza mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Bwana shamba, mwanangu, umesema vizuri. Ila keshokutwa ni zamu yangu ya kupuliza na sina hela ya petroli wala ya kijana wa bomba. Hiyo laki moja utanipa wewe?"

Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza. Nilikuja na sheria, yeye alikuja na shida, na siku ile shida ilishinda.

Haya ninayoandika leo ndiyo jibu langu kwa mzee yule. Limechelewa, lakini naliona ni bora kuliko kelele tulizozoea kupiga kila Julai.

Kwanza tuhesabu

Wengi wenu mnaiita kangomba biashara. "Nimemuuzia mtu gunia." Hapana. Korosho ambayo haijaokotwa haiuzwi, inawekwa rehani. Ulichofanya ni kukopa.

Chukua mfano. Mwezi wa saba unapewa shilingi 100,000. Mnakubaliana mwezi wa kumi utoe gunia la kilo 80. Tuseme mnadani, baada ya makato yote, mkulima anapata shilingi 2,500 kwa kilo. Gunia lile lina thamani ya shilingi 200,000. Umekopa laki moja, umelipa laki mbili, ndani ya miezi mitatu. Riba yake ni asilimia 100 kwa miezi mitatu, yaani zaidi ya asilimia 33 kwa mwezi. Na hapo sijahesabu bakuli la kupimia linalojazwa mpaka korosho zinamwagika pembeni.

Sasa linganisha. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa kampuni zilizopewa leseni ya kukopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ukomo huo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Laki moja kwa miezi mitatu kwa kiwango hicho ni riba ya shilingi 10,500. Wewe umelipa 100,000. Mtu akikutoza hivyo kwa fedha taslimu ungekwenda kwa mtendaji kulalamika. Akikutoza kwa kilo, unamshukuru na kumwita mkombozi.

Ndiyo maana nasema tuache kudanganyana. Kangomba ni kausha damu aliyevaa kanzu ya mfanyabiashara.

Si kweli kwamba mkulima ni mfujaji

Kuna watu wa mjini, na wengine ni watumishi wenzangu, wakisikia mkulima wa korosho ana deni wanacheka: "Hela zimeishia kwenye ngoma na pikipiki." Maneno haya yamenichosha. Nimekaa vijijini miaka tisa. Mfujaji yupo, kama alivyopo mwalimu mfujaji na daktari mfujaji. Lakini madeni mengi niliyoyaona mimi hayakuanzia kwenye ngoma. Yalianzia kwenye petroli ya bomba, kibarua wa kufyeka, mtoto aliyeugua usiku na gari la kumpeleka hospitali.

Tatizo la mkulima ni kalenda. Fedha ya korosho inaingia mara moja, kati ya Oktoba na Januari. Matumizi yanakuja miezi yote kumi na miwili, na yale mazito ya shamba yanakuja Mei mpaka Agosti, wakati akaunti imekauka. Halafu anakuja mtaalamu na kumfundisha bajeti ya mwezi: gawanya mshahara wako hivi na hivi. Mshahara gani? Mkulima analipwa mara moja kwa mwaka. Bajeti yake lazima iwe ya msimu.

Na sisi maafisa ugani tuna lawama yetu. Tunamfundisha mkulima kipimo cha salfa mpaka anakikariri, lakini hatumfundishi hela ya kuipulizia salfa hiyo itatoka wapi. Kisha tunashangaa akienda kwa kangomba.

Nimelipa ada ya somo hili

Msinione nahubiri kwa kujitakasa. Miaka minne iliyopita nilikopa shilingi 500,000 kwa mtu wa kausha damu, asilimia 30 kwa mwezi. Nilimwachia kadi yangu ya benki na namba ya siri, mimi mtumishi wa serikali mwenye diploma. Kila mwisho wa mwezi alichukua riba yake, shilingi 150,000, kabla mimi sijaona chochote. Baada ya miezi saba nilikuwa nimelipa shilingi 1,050,000. Deni lilikuwa bado 500,000 zile zile.

Kilichonichelewesha si umaskini, ni aibu. Mke wangu hakujua. Nilimwambia makato ya mshahara yameongezeka. Siku nilipomwambia ukweli hakulala nyumbani, alikwenda kwa dada yake. Alirudi kesho yake jioni na daftari la kikundi chake. Tukauza mbuzi wanne, yeye akakopa kiasi kilichobaki kikobani kwa riba ndogo, tukamlipa yule bwana zote kwa siku moja na kuchukua kadi. Siku iliyofuata nilikwenda benki nikabadilisha namba ya siri.

Kwa hiyo ninapokwambia deni la siri ni ghali kuliko deni la wazi, nina risiti.

Gawa hela kabla haijazoea nyumba

Tuchukue kaya yenye mikorosho 60 inayotoa wastani wa kilo 10 kwa mti. Ni kilo 600. Kwa shilingi 2,500 ni shilingi 1,500,000. Kaeni chini mume na mke, na watoto wakubwa wawepo, mgawe hivi siku hela inapoingia:

- Shamba la msimu ujao (kufyeka, petroli, vibarua): 250,000
- Kulipa madeni: 350,000
- Chakula na matumizi ya nyumbani, 50,000 kwa mwezi kwa miezi 12: 600,000
- Shule (sare, madaftari, michango): 150,000
- Matibabu na dharura: 150,000

Jumla ni 1,500,000. Umeona bati hapo? Umeona simu mpya? Mimi sijaona. Mwaka wa deni ni mwaka wa kufunga mkanda. Lakini mwaka unaofuata deni likiisha, zile 350,000 ni zako, na bati linaezekwa bila kumwogopa mtu njiani.

Fungu la shamba nimeliweka la kwanza kwa makusudi. Usipotenga 250,000 Disemba, Julai utazitafuta kwa kangomba. Kwa bei yetu ya laki moja kwa gunia, utaweka rehani kilo 200. Kilo 200 mnadani ni 500,000. Shamba moja unaligharamia mara mbili, na ile 250,000 ya pili haikuongezei hata korosho moja.

"Bwana shamba, hela ikikaa ndani inaliwa." Kweli. Basi isikae ndani. Waulize benki au wakala wao habari za akaunti ya muda maalumu, uifungie mpaka Juni. Au nunua mbuzi Disemba, uuze mwezi wa sita. Kufyeka nako unaweza kupatana na kijana na kumlipa sehemu mapema, mbele ya shahidi. Kitu kimoja usifanye: usiiache kwenye simu ambayo kila mtu anajua inalia hela ikiingia.

Vunjeni kikoba mwezi wa sita

Hili nalisema kwa nguvu kwa akina mama, maana vikundi ni vyenu. Vikoba vingi ninavyovijua vinavunjwa Novemba au Disemba. Kwa nini? Wakati huo kila mtu ana hela ya korosho. Mnagawana fedha juu ya fedha, na zinapotea kwenye sikukuu. Julai, shida inapobisha hodi, kikundi ndiyo kwanza kinaanza kukusanya na sanduku ni jepesi.

Badilisheni mzunguko. Wekeni hisa kubwa Novemba mpaka Januari, kopeshaneni polepole, vunjeni mwishoni mwa Mei au Juni. Fedha za kikoba ziwakute wapulizaji wakiwa wanatengeneza mabomba. Hili halihitaji mfadhili wala semina, linahitaji mkutano mmoja na kura.

Na panda ufuta, hata ekari moja. Ufuta unavunwa kuanzia Mei na kuuzwa Juni na Julai, mbaazi zinafuata Agosti na Septemba. Ndiyo fedha ya kiangazi. Mkulima mwenye korosho peke yake anamsubiri kangomba bila kujua.

Kama tayari unadaiwa

1. Andika madeni yote kwenye karatasi moja: unadaiwa na nani, kiasi gani, utalipa lini, kwa fedha au kwa kilo. Mwenzi wako aone karatasi hiyo.
2. Anza kulipa lenye riba kubwa, hata kama mwenye deni dogo ndiye anayepiga kelele zaidi. Deni la kilo na la kausha damu ndiyo ya kwanza.
3. Mfuate aliyekupa hela kwa korosho kabla ya mavuno, mwombe deni ligeuzwe kuwa la fedha, mwandikiane mbele ya mashahidi. Wengine watakataa. Lakini wapo wanaokubali, maana nao wanajua wanachofanya ni kosa.
4. Usikope kulipa deni, isipokuwa mkopo mpya una riba ndogo wazi wazi na unalimaliza la zamani lote, kama tulivyofanya mimi na mke wangu.
5. Kadi ya benki, namba ya siri na hati ya shamba havitoki mkononi mwako. Mkopeshaji anayedai namba ya siri hana nia ya kukukopesha mara moja.

Kwa wenzangu wa ofisini

Halmashauri zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Basi tuwasaidie wakulima wetu kusajili vikundi na kujaza fomu mwezi wa kwanza, hela itoke kabla ya kupuliza. Vyama vya msingi navyo vizungumze na wanachama kuhusu akiba ya pembejeo, mwanachama mwenyewe aombe kwa hiari kilo kadhaa za mauzo yake zitengwe mpaka Juni. Tusisimame tena chini ya mwembe mwezi wa saba kumtisha mtu kwa sheria wakati mfuko wake mtupu tuliuona tangu Machi.

Nilirudi kwa yule mzee mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ameshatoa magunia mawili kwa kangomba, yaliyobaki yalikuwa ghalani. Sikumlaumu. Tulikaa barazani kwake na mkewe, tukagawa hela ya mnada kwenye karatasi, fungu la shamba likiwa la kwanza. Mama ndiye aliyesema linunuliwe mbuzi, maana, kwa maneno yake, "huyu mzee noti anazionea huruma ya kuzitumia, mbuzi hamchinji ovyo."

Mbuzi wale bado wapo, nimewaona wiki iliyopita wakila majani ya mihogo ya jirani. Mwezi wa sita watauzwa. Na mwezi wa saba mzee akinyoosha mkono mkutanoni, natumaini itakuwa kwa kuuliza habari za ubwiriunga.

Tukutane shambani.