Tupimeni mbio kwanza, fomu baadaye

Nazungumza nanyi ndugu wa grupu, mlioko Nakivale, Nyarugusu, Kakuma na Dzaleka, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya. Leo naandika jambo ambalo wengine watalicheka: ufadhili wa masomo kwa wanamichezo wa theluji na barafu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Nianze na langu. Miaka mitatu iliyopita lilizunguka tangazo kwenye simu zetu. Mpango mmoja wa nje ulikuwa unatafuta vijana wakimbizi wenye mbio na nguvu, wapelekwe nchi ya baridi kusoma na kufundishwa bobsledi, yaani kile kigari kinachosukumwa halafu kinateleza ndani ya mfereji wa barafu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na ilijazwa kwenye intaneti tu. Walitaka imeili, cheti cha shule, na video ya dakika mbili ukijieleza. Mimi nilikuwa na simu inayopiga video, Kiingereza cha kujikaza, na diploma ya sekondari niliyoikimbia nayo kutoka Kongo ndani ya shati. Nikajaza. Baada ya wiki sita nikaambiwa nimo kwenye orodha ya wanne.

Jirani yangu hakujaza. Huyo jirani tulikuwa tunashindana naye kila jioni, kutoka bombani hadi kwenye mwembe, na sijawahi kumshinda hata siku moja. Yeye aliishia darasa la sita, na simu yake ni ya vitufe. Aliniambia, "Kaka, mambo hayo ni ya wasomi." Nikanyamaza. Ningeweza kumjazia fomu, ningeweza kumpiga video kwa simu yangu. Sikufanya hivyo, kwa sababu nilijua akiingia yeye, mimi natoka. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana naliandika hapa.

Mwisho wake hata mimi sikwenda. Walipotaka hati ya kusafiria ndipo nilipoanza kuitafuta. Nenda leo, rudi kesho, mkubwa hayupo, picha ziwe na rangi nyingine nyuma. Miezi saba. Hati ilipotoka, nafasi ilikuwa imeshapewa kijana wa mahali pengine. Kwa hiyo mwenye mbio hakuonekana, na mwenye fomu hakusafiri. Wote wawili tuko hapa hapa, na bado ananishinda.

Hoja yangu ni hii: tatizo la kuwachagua vijana kama sisi kwa michezo ya baridi si kwamba hatujui theluji. Tatizo ni kwamba tunapimwa kwa vitu visivyohusu mchezo, halafu kile kinachoamua safari kinaachwa mpaka mwisho.

Tuangalie ukweli wa mchezo wenyewe. Katika bobsledi kazi kubwa ya wasukumaji inafanyika kwenye mita kama 50 za mwanzo: kukimbia kwa nguvu huku mnasukuma, halafu kuruka ndani. Ndiyo maana nchi nyingi huwatafuta wasukumaji wao kwenye riadha. Lauryn Williams wa Marekani alipata medali ya fedha ya mita 100 Athens 2004. Mwaka 2013 akaingia kwenye bobsledi, na mwaka 2014 kule Sochi akapata medali ya fedha ya watu wawili. Chini ya mwaka mmoja! Jamaika walipokwenda Calgary mwaka 1988, timu yao ilijengwa na watu wa jeshi pamoja na mkimbiaji wa mbio fupi. Seun Adigun aliikimbilia Nigeria mita 100 za viunzi London 2012, halafu mwaka 2018 akaiongoza timu ya kwanza ya Afrika ya bobsledi kwenye Olimpiki. Mazoezi ya mwanzo waliyafanyia kwenye kigari cha mbao walichojitengenezea.

Kwenye skii za masafa marefu kinachotafutwa ni mapafu na miguu isiyochoka. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland mwaka 1996, na mwaka 1998 akashiriki kilomita 10 kule Nagano. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie, yule Mnorwei aliyeshinda, alimsubiri mstarini akamkumbatia. Watu wengi wanaijua picha hiyo, lakini hawajui kwamba Boit alirudi Salt Lake City 2002 na Turin 2006. Na kule Gangwon mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Vijana ya baridi, Jonathan Lourimi wa Tunisia alichukua medali ya fedha ya bobsledi ya mtu mmoja. Alitokana na mpango uliowekwa makusudi kwa vijana wa nchi zisizo na michezo hiyo.

Sasa muangalie pia kinachowaunganisha wengi wa hao Waafrika waliofika. Wengi walikuwa tayari wanaishi nchi tajiri. Sabrina Simader, aliyeteleza kwa jina la Kenya mwaka 2018, amekulia Austria. Adigun na wenzake walikuwa wanaishi Marekani. Akwasi Frimpong wa Ghana ndiye anayefanana na sisi zaidi: alipelekwa Uholanzi akiwa na miaka minane, akaishi miaka mingi bila hati za ukaazi. Mbio alikuwa nazo, lakini bila hati unavukaje mpaka kwenda kushindana? Baadaye alipata ufadhili wa kusoma Utah, na mwaka 2018 akashiriki skeletoni PyeongChang, ule mchezo wa kulala kifudifudi juu ya kigari. Miguu yake ilikuwa tayari miaka mingi kabla ya makaratasi.

Kwa upande wa wakimbizi, mfano mzuri uko karibu. Mwaka 2015 wakfu wa Tegla Loroupe ulifanya majaribio ya mbio ndani ya Kakuma. Haukuomba video. Watu walipanga mstari, wakakimbia. Rose Nathike Lokonyen alikimbia kilomita 10 bila viatu, akawa wa pili. Mwaka uliofuata alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, timu ya watu 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kenya. Tokyo walikuwa 29, Paris 2024 walikuwa 37, na Cindy Ngamba akaleta medali ya kwanza, shaba ya ndondi. Lakini yote hayo ni michezo ya majira ya joto. Beijing 2022, kwenye ile ya baridi, hapakuwa na timu ya wakimbizi. Sababu moja iko kwenye utaratibu: ufadhili wa mwanamichezo mkimbizi hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi inayompokea. Sasa kama nchi iliyokupokea haina theluji wala mfereji wa barafu, nani atalipeleka jina lako?

Kwa hiyo, nyinyi mnaokuja na mipango hii, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusaidia kuipata, naomba mambo matano.

La kwanza, tupimeni kambini kabla ya fomu. Mita 30 kwa kasi, kuruka mbali bila kukimbia, kurusha tufe. Hayo ndiyo majaribio ambayo timu za bobsledi zenyewe hutumia. Yanataka tepu ya fundi, saa, na uwanja uliosawazishwa. Kila mtu ajaribu mara tatu. Viatu viazimishwe, maana mwenye kandambili hawezi kulinganishwa na mwenye raba. Na mrudi baada ya wiki chache mpime tena, kwa sababu mtu anayekula mara moja kwa siku hawezi kuonyesha mwili wake wote siku moja. Mnajua wenyewe rasheni ilivyopungua.

La pili, muda wa wasichana upangwe na wasichana. Ukiita majaribio saa kumi jioni, dada zetu wako bombani au wako jikoni. Halafu mtasema wasichana hawakujitokeza. Wekeni na mama mmoja anayeaminika kwenye zoni awe anashika saa, wazazi watawaruhusu.

La tatu, hati ya kusafiria ianze siku ile ile. Mkishapata kumi bora, anzeni kuwaombea hati wote kumi, siyo mshindi peke yake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unazitaka nchi ziwape hati ya kusafiria wakimbizi wanaoishi humo kihalali. Siyo zawadi. Lakini mkimbizi akienda peke yake anaambiwa arudi kesho, na shirika likiandika barua mambo hutembea. Na mtuambie mapema, kwa Kiswahili na kwa maandishi: nikiumia, nikishindwa, nikirudi, hadhi yangu ya ukimbizi itakuwaje? Jina langu kwenye kadi ya familia litabaki?

La nne, bandikeni matokeo ubaoni. Jina, muda, umbali, sababu ya kuchaguliwa. Hapa kambini kila orodha inaambiwa imepikwa, na mara nyingine imepikwa kweli. Mkibandika sekunde, aliyeshindwa ataumia lakini ataelewa. Asiyeelewa kwa nini ameachwa hatarudi kwenye uwanja, na mdogo wake pia hatakuja.

La tano, semeni ukweli kuhusu mchezo. Msimdanganye kijana wa miaka 19 kwamba atakuwa bingwa wa kucheza densi kwenye barafu. Hiyo watu wanaanza wakiwa wadogo kabisa. Bobsledi, skeletoni na skii za masafa marefu ndizo ambazo mtu mzima mwenye mbio anaweza kuhamia. Na kwenye mfereji wa barafu kasi inapita kilomita 120 kwa saa, watu huumia. Mzazi aambiwe hilo kabla hajaweka sahihi. Masomo nayo yaendelee hata mchezo ukiisha, la sivyo huo si ufadhili wa masomo. Mguu ukivunjika mwezi wa pili, shule ibaki.

Najua dada mmoja wa shirika ataniuliza: mdogo wangu, watu wanakosa mahindi na wewe unazungumzia theluji? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mimi sikuileta hiyo mipango. Inakuja yenyewe, na pesa zake hazikutengwa kwa mahindi. Inachukua mmoja kati ya maelfu. Huyo mmoja akichaguliwa kwa sababu alikuwa na bando na Kiingereza, wale maelfu wanajifunza kwamba jasho halina kazi. Hilo linaumiza kambi nzima, siyo wanamichezo tu.

Mwingine atasema: lakini asiyejua Kiingereza atamwelewaje kocha? Sawa, lugha inahitajika. Ila kocha wa Finland hakumkuta Boit anajua Kifini. Wekeni darasa la miezi mitatu kwa waliofuzu majaribio. Maneno ya uwanjani hufundishika kwa miezi. Mbio za jirani yangu mimi nimejaribu kujifunza miaka mitano, sijaziweza.

Na sisi vijana, tusiwalaumu mashirika peke yao. Ukiwa na simu na unajua kujaza fomu, angalia pembeni yako nani ana mbio na hana simu. Mjazie. Mpige video. Mimi sikufanya, na sikupata faida yoyote kwa kutofanya. Jumamosi hii naanza kupima mita 30 pale karibu na mwembe, kwa tepu ya fundi seremala wa zoni yetu na saa ya simu yangu. Nitaandika kila jina kwenye daftari, na muda wake. Mpango mwingine ukija, daftari litakuwepo, na nyuma ya daftari nitaandika nani ana hati na nani bado.

Jina la kwanza nimeshaliandika. Ni la jirani. Wiki ijayo tunakwenda naye pamoja kuuliza hati yake.