Mkulima auziwe oringi inayofaa, siyo inayofanana

Malalamiko ya aina moja hujirudia kila kiangazi katika maeneo yanayolima nyanya na vitunguu kwa pampu, kuanzia Ilula na Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa hadi Mang'ola wilayani Karatu. Injini inawaka vizuri, inanguruma, lakini maji hayapandi. Mkulima anabadilisha plagi, anasafisha kabureta, anamshuku aliyemuuzia petroli. Siku mbili zinapita, ya tatu inaingia, na vitunguu vilivyoanza kutunga vinasinyaa shambani. Mwishowe fundi mwenye subira anafungua maungio ya bomba la kuvuta maji na kutoa pete nyeusi ya mpira iliyobonyea na kupasuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaingiza hewa.

Ubaya wa upande wa kuvuta ni kwamba hauonyeshi dalili. Upande wa kutolea maji, pete ikichoka kila mtu anaona kwa sababu panavuja. Upande wa kuvuta ni kinyume chake: pampu inafyonza hewa badala ya maji, na nje hakuna hata tone moja la kumwambia mtu tatizo liko wapi. Mwenye pampu akiendelea kuiendesha ikiwa kavu, anaharibu pia sili ya shafti iliyomo ndani, kwa kuwa sili hiyo hupozwa na maji yaleyale yasiyofika. Hasara ya pete moja inakuwa hasara ya pampu.

Mafundi wanaiita oringi. Wanunuzi wengi wanaiita "mpira" tu, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Pete hii na ndugu zake, yaani sili ya oili inayozunguka shafti, washa ya hozi, kikombe cha mpira cha pistoni na gasketi, zimo karibu katika kila chombo ambacho mkulima na mfanyabiashara mdogo wanategemea: haidroli ya trekta, pawatila, bomba la mgongoni la kupulizia dawa, breki za pikapu inayopeleka mazao sokoni, mfuniko wa keni ya maziwa, valvu ya mtungi wa gesi ya mama lishe. Inapofanya kazi hakuna anayeikumbuka.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Pete hutengenezwa nene kidogo kuliko kina cha mfereji inamokaa, ili vyuma viwili vinapofungwa ibanwe. Kisha presha ya maji au mafuta huisukuma pembeni mwa mfereji na kuikaza zaidi, kwa hiyo presha inayotafuta upenyo ndiyo hiyohiyo inayoziba upenyo. Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alipata hataza ya ubunifu huo mwaka 1939, na vita vya pili vya dunia vilipopamba moto ndege zikaanza kuutumia. Ila mpira uliobanwa kwa muda mrefu, hasa penye joto, husahau umbo lake. Oringi ikitolewa ikiwa bapa badala ya mviringo, imekwisha kazi hata kama haina ufa.

Jambo ambalo halisemwi madukani ni kwamba mpira si kitu kimoja. Oringi tano zinaweza kuwa nyeusi zote, zikalingana ukubwa, na kila moja ikawa imetengenezwa kwa kitu tofauti. Ile ya naitrili hustahimili oili, dizeli, petroli na gesi ya kupikia, na hufanya kazi hadi joto la nyuzi 100 hivi, lakini jua na hewa huipasua ikiachwa wazi. Ile ya EPDM ni hodari kwa maji, mvuke na jua, na ndiyo inayofaa kwa mafuta ya breki ya kawaida. Ikiguswa na oili ya injini au dizeli huvimba na kulegea. Mpira asilia unanyumbulika kuliko yote na unafaa kwa maji baridi, ila hauwezi oili wala petroli. Silikoni huvumilia joto la nyuzi 200 lakini huchanika kirahisi, hivyo haifai mahali penye kusuguana. Ipo pia aina ghali, maarufu kwa jina la Viton, inayostahimili joto na kemikali nyingi kali.

Kutokana na tofauti hizo, oringi nzuri ya bomba la maji ni oringi mbovu ya trekta. Haikutengenezwa vibaya, imewekwa pasipo pake. Wapo madereva ambao mafuta ya breki yakipungua huongeza oili ya injini ili wafike wanakokwenda. Vikombe vya mpira ndani ya breki huvimba, breki hung'ang'ania au kukataa kabisa, na lawama huenda kwa aliyeuza spea.

Mkasa mkubwa kuliko yote wa pete hizi haukutokea shambani. Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo walikufa. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa oringi kwenye maungio ya roketi mojawapo ya pembeni zilikakamaa kwa baridi ya asubuhi ile, zikashindwa kuzuia gesi ya moto. Wahandisi walikuwa wametahadharisha jioni iliyotangulia. Mjumbe mmoja wa tume, mwanafizikia Richard Feynman, alitumbukiza kipande cha mpira huo katika glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, akaonyesha kuwa kikibanwa na kuachiwa hakirudi upesi katika umbo lake.

Mwaka 1993 mchumi Michael Kremer aliichukua pete hiyo na kuipa jina nadharia yake ya uzalishaji. Kremer aliwahi kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1980, na mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni kwamba katika kazi yenye hatua nyingi, ubora wa hatua haujumlishwi, unazidishwa. Kazi ya hatua kumi, kila moja ikifanywa kwa asilimia 90, haitoi asilimia 90 mwishoni. Inatoa kama 35. Kila hatua ikifanywa kwa asilimia 99, matokeo yanafika 90. Mkulima aliyenunua mbegu bora, akaweka mbolea na kulipa vibarua, lakini akafunga pampu kwa pete isiyofaa, hajapoteza thamani ya pete. Amepunguza thamani ya kila alichotangulia kukigharimia.

Kwa hesabu hiyo, bei ya oringi dukani haina maana kubwa. Tofauti ya pete inayofaa na isiyofaa mara nyingi haizidi nauli ya bodaboda ya kuifuata. Kwa nini basi isiyofaa iuzwe? Kwa sababu mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha kwa macho, na muuzaji aliyeleta ya bei ya juu anashindwa kumweleza kwa nini ni ya juu. Anayeuza yoyote anapata mteja. Anayeuza inayofaa anabaki na mzigo. Wakulima nao wana sehemu yao. Anayefika kaunta na kusema "nipe yoyote itakayoingia" amekwisha kumwambia muuzaji asihangaike.

Pamoja na hayo, taarifa inayohitajika mara nyingi ipo dukani. Maboksi mengi ya oringi mchanganyiko yameandikwa NBR 70 kwenye mfuniko. NBR ni naitrili, na 70 ni kipimo cha ugumu wake. Pete zikishamwagwa kwenye kopo la kuuzia rejareja, maandishi hayo yanabaki stoo au jalalani. Vivyo hivyo sili ya oili huwa na namba usoni. Ikiandikwa 35 x 52 x 7, maana yake ni shafti ya milimita 35, tundu la milimita 52 na unene wa milimita 7. Mkulima akiandika namba hizo katika daftari la mashine yake hatalazimika kusafiri na sili mbovu mfukoni.

Vipimo vya oringi ndivyo vinavyowachanganya hata mafundi wazoefu. Zipo za inchi na zipo za milimita. Oringi ya unene wa milimita 2.62 na ile ya 2.5 haziwezi kutofautishwa kwa kidole, lakini iliyo nyembamba ikiwekwa kwenye mfereji wa nene haibanwi vya kutosha. Fundi asiye na kaliba anakisia, na kukisia huko mwenye mashine ndiye anayekulipia.

Utunzaji nao ni balaa. Katika maduka mengi ya spea, sili na pete hutundikwa msumarini mlangoni, juani, karibu na barabara yenye vumbi, na jirani kuna fundi wa kuchomelea. Jua, joto na ozoni inayotokana na cheche za umeme ni maadui wakuu wa mpira, na msumari huikunja pete mahali pamoja. Kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa mpira kinatoa takriban miaka 5 kwa mpira asilia, 7 kwa naitrili na 10 kwa EPDM, vikiwa ndani ya pakiti, mahali pa baridi na giza. Pete ya msumarini haina kipimo. Inaweza kuuzwa ikiwa imezeeka kabla ya kuvaliwa.

Mahali ambapo suala hili linagusa afya moja kwa moja ni bomba la mgongoni. Viuatilifu vingi vya maji vimeyeyushwa katika vimiminika vinavyovimbisha mpira, na dawa ikiachwa ndani usiku kucha inazimaliza pete za mpini na valvu. Bomba linapovuja halimwagii ardhi, linamwagia mgongo wa mpuliziaji, na sumu hupenya ngozini bila kuuma. Kukata washa kutoka kwenye ndala au tyubu ya baiskeli ni ubunifu unaosaidia kwenye bomba la maji ya presha ndogo, na hakuna sababu ya kuudharau. Kwenye bomba la dawa usifanywe. Bomba lisuuzwe kila baada ya kazi, na pete zibadilishwe kabla ya msimu.

Wazo la kubadilisha kabla ya kuharibika si geni vijijini. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyobuniwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyohusisha Kenya na Malawi, ilikusudiwa kufunguliwa na wanakijiji wenyewe kwa spana moja, na utaratibu wake ni kubadilisha vipuri vya mpira kila mwaka hata kama maji bado yanatoka. Kamati ya maji inayosubiri pampu ikatike ndipo ichangishe inakuta wanawake wamesharudi mtoni.

Wapo watakaouliza kwa nini pete hizi zisitengenezwe nchini, wakati Tanzania ina mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yaliyoanzishwa kwa ajili ya kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha kilichosimama uzalishaji mwaka 2009. Swali ni zuri, na karakana ndogo yenye mashine ya kubana kwa joto na kalibu za chuma inaweza kutoa washa na vikombe vya pampu za maji kwa mpira huo. Lakini isidanganywe nchi kuwa mpira wa Muheza utaziba oili ya trekta. Kwa kazi hiyo malighafi ya naitrili itaendelea kuagizwa, na anayetaka kuwekeza aanze hesabu zake akilijua hilo.

Wakati mashine hizo zikisubiriwa, Shirika la Viwango Tanzania lingeweza kudai kuwa kila pakiti ya sili inayoingia nchini ionyeshe aina ya mpira, vipimo na mwaka wa kutengenezwa, kama inavyodaiwa kwa bidhaa nyingine. Aidha, VETA wanaofundisha ufundi wa magari na pampu wangefanya vyema kumpa kila mwanafunzi kaliba na saa chache za somo la mpira, kwa sababu fundi ndiye anayemshauri mkulima nini anunue.

Mwenye duka hahitaji kusubiri agizo. Maboksi mawili, la naitrili kwa mafuta na gesi na la EPDM kwa maji na breki, pamoja na pete chache za Viton kwa wenye mabomba ya dawa, yanatosha kuanzia. Yawekwe kwenye droo, mbali na mlango, na mfuniko wenye maandishi ubaki kaunta ambako mnunuzi anaweza kuusoma. Mteja mwenye shaka ataichovya pete moja kwenye dizeli usiku na mchana, kisha ailinganishe na mwenzake iliyobaki kavu. Si kipimo cha maabara, na pete iliyochovywa itupwe, lakini ikivimba na kulegea asiifunge kwenye trekta.