Breki Kwanza, Msee

Tuambiane ukweli. Ukinunua Subaru Impreza WRX ya kitambo halafu pesa ya kwanza iende kwa silensa, gari hujatengeneza. Umenunua tarumbeta.

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Marekani ni kinyume: ikifika miaka 25, Skyline GT-R inaingia bila kupimwa kwa viwango vyao vya usalama. Sisi tumebaki na ndai kuukuu zilizoingia zamani tu. Ukiua moja, hakuna kuagiza nyingine.

Na Mjapani hakuja kujifunzia mbio hapa kwa kelele. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na 1973 kwa kuhimili matope na mashimo yetu mpaka mwisho, wenzake wakiachwa njiani.

Basi anza na breki, matairi na shokamzoba. Fuata na rejeta. Turbo kubwa ije mwisho, tena kwa fundi anayepima mchanganyiko wa hewa na petroli, si wa kukisia kwa sikio. Mama anayevuka Thika Road usiku hana haja na mlio wako. Ana haja usimame.