Klabu ziulize leseni ya mdhamini kabla ya kuvaa jezi yake

Shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards huikumbuka tarehe ya Debi ya Mashemeji kuliko siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Juni 30 haimshughulishi. Ila kwa miaka mingi hiyo ndiyo siku ambayo leseni za kampuni za kamari humu nchini zimekuwa zikifika tamati, na kampuni inayoamka Julai 1 bila leseni mpya haina kazi. Klabu iliyovaa jina lake kifuani nayo haina mshahara.

Hayo si mambo ya kukisia. Mnamo 2019 K'Ogalo walikuwa wametoka tu kutwaa ubingwa, na ligi yenyewe ilikuwa ikiitwa kwa jina la SportPesa. Julai ilipoingia, kampuni 27, SportPesa na Betin zikiwemo, zilijikuta hazina leseni kwa sababu ya mvutano wa ushuru na serikali. Nambari zao za paybill zikafungwa. Kufikia Agosti SportPesa ilikuwa imefuta udhamini wake nchini, na ligi ilikuwa ianze mwishoni mwa mwezi huohuo.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Wachezaji wameshasajiliwa, makocha wameshaahidiwa, ratiba ipo mezani, halafu mfuko unatoboka. Gor waliingia msimu huo wakilia njaa na wachezaji wakagoma. Klabu ndogo zilizokuwa zikingojea mgao wa ligi ziliumia zaidi. Sony Sugar, ambao tayari mambo yao ya pesa yalikuwa mabaya, walishindwa kufika uwanjani mara tatu wakatupwa nje ya ligi kabla mwaka haujaisha.

Na onyo lilikuwepo! Januari 2018 kampuni iyo hiyo ilijiondoa kwa sababu ya ushuru wa asilimia 35, ikarudi baadaye mwaka huo ushuru ulipopunguzwa. Viongozi wa klabu walishangilia kurudi kwake, wakasahau kujiuliza wangefanya nini ikiondoka tena. Mwaka uliofuata wakapata jibu.

Ni rahisi kuilaumu serikali, na kwa kiasi fulani inastahili. Anayeomba leseni huwekewa siku ya mwisho, na akichelewa shauri yake. Anayetoa leseni naye? Mwaka ule jibu lilikuja saa ambayo klabu hazikuwa na muda wa kumtafuta mdhamini mwingine. Ushuru lazima ulipwe, hakuna mjadala hapo, na anayekataa kuulipa asipewe leseni. Lakini kampuni ikiwa haifai, iambiwe Aprili au Mei, wakati ligi bado inachezwa. Sasa ipo Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025 na mamlaka mpya. Kwa shabiki wa soka, kipimo cha kwanza cha mamlaka hiyo kitakuwa hapo: je, itajibu maombi kabla ya msimu wa usajili kufunguliwa?

Klabu nazo zisikae zikingoja huruma. FKF huzitaka zionyeshe hesabu zao kabla ya kuruhusiwa kucheza. Iongeze swali moja: leseni ya mdhamini wako inaisha lini? Na mkataba useme wazi kwamba pesa za msimu mzima, au angalau za nusu yake, zitaingia benki kabla ya mechi ya kwanza. Kampuni itakayokataa sharti hilo imeshasema yenyewe jinsi inavyoiona kesho yake. Heri jezi tupu mwezi Julai kuliko mchezaji kufukuzwa nyumba ya kupanga mwezi Oktoba.

Shabiki mwenye mkeka wake wa Jumamosi atapata tu mahali pengine pa kubeti. Beki wa kushoto wa timu ya mkiani hana klabu nyingine ya kuhamia katikati ya msimu.