Ripoti za Maji ya Chini Zisifungiwe Sandukuni

Ndugu wakulima, twajua sote kwamba mvua ya siku hizi haiaminiki, na kwamba kule Kieni, ambako mvua ni haba, watu wengi wanatafuta maji kwa kuchimba visima virefu vya mashine. Jambo hilo ni jema. Lakini leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kisichotajwa sana, nacho ni karatasi. Kabla mashine haijaletwa, huja mtaalamu wa miamba na maji ya chini ya ardhi. Hupita shambani na vyombo vyake, hupima, huandika ripoti, hulipwa ada yake, kisha huenda zake. Je, ripoti ile huishia wapi?

Nakala moja hupelekwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji pamoja na maombi ya kibali cha kuchimba. Nyingine hukaa kwa mwenyekiti wa kikundi, ndani ya sanduku, pamoja na risiti za mbolea. Basi. Jirani wa ng'ambo ya bonde akitaka kuchimba mwaka ujao, huanza tena tangu mwanzo, kwa fedha mpya, kana kwamba hakuna mtu aliyepata kuipima ardhi ile. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali, na daftari lake ni ripoti hizo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: wataalamu wanaolipwa kutafuta maji wachapishe waliyoyaona katika majarida ya kisayansi, na sisi tunaowalipa tuwatake wafanye hivyo.

Pengine utauliza, kwa nini majarida, na si gazeti tu? Ni kwa sababu jarida la kisayansi lina desturi yake. Mtu akipeleka makala, mhariri haichapishi mara moja. Huwapa kwanza mabingwa wengine wa kazi ile ile, nao huuliza: Ulipima mara ngapi? Ulijuaje? Mbona hesabu hii haipatani na ile? Mwandishi asipoweza kujibu, makala hurudishwa. Ni kama matunda ya kahawa yanavyochambuliwa kiwandani, mabivu huku na mabichi kule, kabla ya kutiwa mashineni. Mchambuzi aweza kukosea, lakini kahawa iliyochambuliwa ni bora kuliko ile isiyochambuliwa.

Desturi hii ya kuandika haikuanza jana. Injinia Mfaransa, Henry Darcy, aliujengea mji wa Dijon mifereji ya maji. Angeweza kupokea heshima zake na kunyamaza. Lakini mwaka 1856 alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo, na ndani yake akaeleza jinsi alivyopima mwendo wa maji yanayopita katika mchanga. Kanuni aliyoiandika hutumiwa mpaka leo na wapimaji wa maji ya chini duniani kote.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Mwaka 1945 serikali ilichapisha ripoti ya R. M. Shackleton juu ya miamba ya sehemu ya Nyeri, na mwaka 1967 ikatoka ya B. H. Baker juu ya sehemu ya Mlima Kenya. Hizo zilikuwa ripoti za serikali, si makala za jarida, lakini zilipigwa chapa, na kila mtu aweza kuzisoma na kuzihoji. Mlima wetu ni volkano ya zamani. Ulimwaga mawe ya moto mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na maji hukaa katika nyufa na kati ya tabaka hizo. Ndiyo maana mtu mmoja hupata maji mapema, na jirani yake akachimba mbali zaidi akaambulia vumbi. Ardhi ya namna hii haijulikani kwa kisima kimoja. Hujulikana kwa visima vingi vilivyoandikwa mahali pamoja, na hata kile kilichotoka kikavu kina somo lake.

Tena si wingi wa maji tu. Mwaka 1984 watafiti walichapisha katika jarida la East African Medical Journal matokeo ya kupima floridi katika maji ya chini ya Kenya. Walipima sampuli zaidi ya 1,000. Katika kila 100, sampuli 61 zilikuwa na floridi zaidi ya miligramu 1 kwa lita, na karibu 20 zilipita miligramu 5. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Sehemu zenye volkano, pamoja na Mkoa wa Kati wa wakati ule, zilikuwa miongoni mwa zile zilizozidi. Floridi nyingi huyatia meno ya watoto madoa ya hudhurungi, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kama namba hizo zingalifungiwa sandukuni, mzazi wa leo angejuaje kwamba maji mangavu ya kisima yafaa kupimwa kabla ya kunywewa?

Sasa tazameni Turkana. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa mjini Nairobi kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya bonde la Lotikipi, ikikadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 200. Habari ilienea duniani, na watu wa nchi ile kavu wakajaa matumaini. Baadaye visima vya majaribio vilionyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila kusafishwa. Simsingizii mtu udanganyifu. Nasema tu kwamba tangazo ni jambo moja, na uchunguzi uliohojiwa na wengi ni jambo jingine. Mwenye kiu astahili kuambiwa lile la pili.

Wengine watanijibu kwamba ripoti ni mali ya aliyeilipia. Ni kweli, na ruhusa yake iombwe. Lakini jarida halihitaji jina lako wala namba ya shamba lako. Lahitaji kina cha kisima, aina ya mawe, wingi wa maji na ladha yake. Wengine watasema majarida huandikwa kwa Kiingereza, na mengine huuzwa ghali. Hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo makala peke yake haitoshi, maana elimu isiyomfikia mwenye jembe ni nusu ya elimu.

Basi, kikundi chenu kikitaka kuchimba, msitoe fedha kabla ya kuandika mambo haya katika mapatano:

1. Mtaalamu apewe ruhusa ya kuchapisha vipimo vyake, bila kutaja majina ya watu, hata kama kisima kitatoka kikavu.

2. Awape ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, unaoeleza aliyoyaona, na nakala yake iwekwe mahali ambapo kila jirani aweza kuisoma.

3. Maji yakipatikana, yapimwe floridi na chumvi, na matokeo yasomwe mbele ya mkutano.

Mtaalamu mwema hatakasirika. Yeye naye hupata jina zuri kwa makala yaliyosomwa na wenzake. Na yule atakayekataa kabisa kazi yake isitazamwe na mwingine, muulizeni sababu kabla hamjamlipa.

Karani wa Kilimo,
Gatitu, Nyeri